Kabla ya mkopo: mipango ya kumwezesha mtu mzima ajitegemee, kwa macho ya Mwanza

Mwezi ukiwa mkubwa, biashara ya dagaa Mwanza hupoa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za sola na betri. Mbalamwezi ikishaangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haiwavuti tena, na mitumbwi mingi hupandishwa ufukweni mpaka giza lirudi. Kwa mama anayeanika dagaa Igombe au Kayenze, kwa mbeba mizigo wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kwa anayewauzia chai na maandazi wote hao, kila mwezi una siku ambazo hela haiingii kabisa au inaingia kidogo kidogo. Kodi ya chumba haisubiri giza lirudi. Ada, dawa na unga navyo havisubiri.

Naanzia hapo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu kuwezesha wananchi kiuchumi huanzia kwenye fedha: nani kapewa, kapewa kiasi gani, lini awamu nyingine. Mimi nashika kipimo kingine. Mtu mzima anajitegemea pale mwezi mbaya unapopita bila kumlazimisha kuuza kile kinachomwingizia kipato. Aliyeuza cherehani ili alipe matibabu ya mtoto hajitegemei bado, hata kama mwezi uliotangulia alishika laki tano. Ukiitazama mipango yote ya jamii kwa kipimo hicho, utaelewa kwa nini mingine inashika na mingine inaacha madeni tu.

Kituo chenyewe kiko wapi

Katika miji mingine duniani kituo cha jamii ni jengo moja lenye kila kitu. Toynbee Hall ya London ilifunguliwa mwaka 1884, Hull House ya Chicago mwaka 1889, na kwa muda wazo lililokua ni kwamba mkazi wa mtaa maskini akute mahali pamoja darasa la jioni, mahali pa kulelea mtoto, ushauri na watu wa kushirikiana nao.

Kwetu jengo la namna hiyo ni nadra. Kituo chetu kimetawanyika. Asubuhi kiko ofisi ya kata, jioni kiko kwenye darasa la shule ya msingi baada ya watoto kutoka, Jumamosi mchana kiko ukumbi wa kanisa au chini ya mwembe ambako kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, kinakutana. Anayepaswa kuviunganisha ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, yule ambaye wazee bado wanamwita bwana maendeleo au bibi maendeleo. Mkoa wetu hata una chuo kinachofundisha kazi hiyo, pale Misungwi.

Ugumu ni kwamba kila kipande kina mwenyewe. Mikopo ya vikundi iko halmashauri. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, iko Ofisi ya Rais. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, na vyuo vya maendeleo ya wananchi viko Wizara ya Elimu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko Wizara ya Viwanda na Biashara. Vikoba ni vya wananchi wenyewe, ila vinatakiwa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mama wa Mabatini anayetaka kutoka kwenye kuuza nyanya za fungu aende kwenye biashara ya uhakika inabidi apige hodi kwenye ofisi nne au tano. Hakuna hata moja itakayomwambia aanze na ipi.

Na mpangilio ndio wenye uzito. Kisomo na hesabu vije kwanza, akiba ifuate, kisha ujuzi unaoongeza thamani ya kazi, halafu ndipo mkopo. Sisi mara nyingi tunaanza na mkopo.

Mizani ya pamba

Watu wa Kanda ya Ziwa walijifunza mapema gharama ya kutojua hesabu. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Aliyeleta gunia lake hakuwa na namna ya kujua kama uzito uliotajwa ni wa kweli. Madai yao ya kwanza yalikuwa wawepo wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia. Kutokana na vuguvugu hilo Paul Bomani aliongoza kuundwa kwa umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kabla ya mkopo na kabla ya mashine za kuchambulia pamba, kulikuwa na mtu wao anayejua kusoma mizani.

Mwaka 1968 Mwanza ikawa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima uliosimamiwa na serikali pamoja na UNESCO, ukihusisha mikoa minne iliyozunguka ziwa. Vitabu vya mradi ule havikumfundisha mtu mzima a-e-i-o-u kama mtoto wa darasa la kwanza. Kulikuwa na kitabu cha pamba, cha uvuvi, cha migomba, cha ng'ombe, cha maarifa ya nyumbani. Mtu alijifunza kusoma kwa kusoma kuhusu kazi iliyomlisha. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata ilipunguza kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika nchini kutoka takriban asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, kwa takwimu za serikali za wakati huo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshasema tangu 1964 kwamba tuanze na watu wazima, kwa kuwa mchango wa watoto kwenye uchumi utachukua miaka mingi kuonekana.

Ari ile imepoa, na mimi naona tumepoteza kitu kikubwa. Mahitaji hayajapungua, yamebadilika sura tu. Mtu mzima wa leo anahitaji kusoma mkataba wa mkopo kabla ya kuweka dole gumba. Anahitaji kujua tofauti ya faida na mauzo, maana wengi wanaokwambia "leo nimepata elfu arobaini" wanakutajia mauzo. Anahitaji kuusoma ujumbe wa muamala kwenye simu yake mwenyewe bila kumpa mtu namba ya siri. Darasa la jioni la miezi mitatu linalofundisha hayo tu, kwa mifano ya dagaa na mama lishe, lingezuia hasara nyingi kuliko semina ya siku moja ya ujasiriamali yenye soda na bahasha ya nauli.

Sanduku lenye kufuli tatu

Kwenye akiba ndiko wananchi wamefanya vizuri kuliko ofisi yoyote. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa tunaoujua leo ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa kazi ya shirika la CARE na wanawake wa huko. Ulipofika Tanzania ukachukua sura mbalimbali, ikiwemo VICOBA, ambavyo watu wanaviita vikoba tu.

Tofauti ya kikoba na mchezo ni hii. Kwenye mchezo kila mtu anatoa, kijumbe anakusanya, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Unasaidia kupata kiasi kikubwa kwa mkupuo, lakini ukiugua kabla ya zamu yako hauna msaada. Kikoba kinaweka. Wanachama, tuseme 25, wananunua hisa kila wiki, kuanzia moja hadi tano. Fedha inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu ambao si wale wanaolala na sanduku. Kila kitu kinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Pembeni kuna mfuko wa jamii, mchango mdogo wa lazima unaosaidia mwenye msiba au mgonjwa. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, sanduku linavunjwa na kila mtu anapata akiba yake pamoja na mgao wa riba.

Chukua hisa ya shilingi 2,000. Mama wa dagaa ananunua hisa tatu katika kila wiki tatu za giza, na moja wiki ya mbalamwezi. Hizo ni hisa 10, yaani 20,000 kwa mwezi. Baada ya miezi mitano ana 100,000, na kwa vikundi vinavyoruhusu mkopo wa mara tatu ya akiba, anaweza kukopa 300,000. Riba ikiwa asilimia 5 kwa mwezi, mkopo wa miezi mitatu utamgharimu 45,000. Hela hiyo haiendi kwa tajiri yeyote, inabaki kwenye sanduku ambalo na yeye ana hisa humo.

Sasa weka pembeni yake mkopo wa kausha damu. Mfano wa kawaida: unapewa 100,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 150,000. Watu wanasema riba ni nusu, lakini hali ni mbaya zaidi ya hapo. Siku ya 15 umesharejesha 75,000, kwa hiyo umebaki na robo tu ya fedha uliyokopa. Siku ya 20 umemaliza laki yote. Siku 10 zilizobaki unalipa 50,000 kwa fedha ambayo huna tena. Na rejesho ni la kila siku, iwe giza au mbalamwezi, iwe mvua imeharibu dagaa au la. Hapo ndipo godoro linabebwa, kisha televisheni, kisha cherehani. Wengine wamehamia kukopa kwenye simu, ambako napo hapako salama: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Kikoba nacho kina udhaifu wake. Kikundi kinachodai hisa tatu kila wiki kwa lazima, na faini juu, kinawasukuma wanachama wake wa ziwani kwenda kukopa kausha damu ili wakanunue hisa. Haya hutokea, na yanasikitisha. Dawa yake iko ndani ya katiba ya kikundi: kiwango cha chini kiwe hisa moja, na tarehe ya rejesho iangukie baada ya wiki za giza, siyo katikati ya mbalamwezi. Mwezeshaji wa kata anayejua ufuko wake ataliuliza hili siku ya kwanza. Aliyekuja na mwongozo uliotungwa kwa ajili ya wakulima wa mahindi hataliuliza.

Mikopo ya asilimia 10

Tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa iliporekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha ya wananchi, ushuru wa masoko na mialo yetu inarudi kwetu, na benki ya kawaida haikupi mkopo bila riba. Naupenda mpango huu kwa dhati.

Lakini Aprili 2023 serikali iliusimamisha, baada ya ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, kuonesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi ambavyo havikuwepo. Ulirejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya wenye uhakiki zaidi. Watu wengi waliuelezea mkwamo ule kwa wizi tu. Wizi ulikuwepo. Ila kuna sababu nyingine isiyosemwa sana: vikundi vingi vya kweli vilizaliwa siku ya kujaza fomu. Watu watano wasiofahamiana vizuri wanaandika katiba iliyonakiliwa, wanafungua akaunti, wanapeleka andiko la mradi wa kufuga kuku ambalo hakuna hata mmoja wao amewahi kulipigia hesabu. Fedha ikiingia wanagawana sawasawa, kila mtu anaenda na lake, na siku ya rejesho hakuna mwenye sababu ya kumbeba mwenzake.

Kikundi kilichomaliza angalau mzunguko mmoja wa kikoba kiko mbali sana na hicho. Kina daftari linaloonesha nani hulipa kwa wakati. Wanachama wameshasuluhisha ugomvi wa fedha angalau mara moja. Wameshajua nani kati yao ana mkono wa biashara na nani anafaa kuwa mweka hazina. Afisa maendeleo akiulizwa kikundi kipi kipewe, daftari lile linamjibu kuliko andiko lolote. Ningekuwa na sauti kwenye kamati ya mikopo ya kata ningeomba jambo hilo moja.

Chanja

Ujuzi hauhitaji kuwa wa miaka miwili wenye cheti. Dagaa akianikwa mchangani anakauka na mchanga, kuku na ndege wanapita juu yake, mvua ikija ghafla hakuna wa kuwahi kumkusanya. Sehemu kubwa ya dagaa wa namna hiyo huishia kwenye chakula cha mifugo kwa bei ya chini. Akianikwa kwenye chanja, yaani meza ya miti iliyotandikwa wavu na kuinuliwa usawa wa kiuno, upepo unapita juu na chini, anakauka haraka na msafi, na wanunuzi wanaopeleka Congo, Rwanda na Burundi humlipia zaidi. Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile. Anayetoka kwenye chanja akaenda kumkaanga na kumfunga kwenye pakiti yenye lebo amepanda ngazi nyingine, na hapo SIDO ndiyo yenye msaada, kwa mafunzo ya usindikaji na kwa kumfikisha mjasiriamali mdogo TBS, shirika la viwango, kwa unafuu.

Kwa fundi aliyejifunzia kazi gereji ya Nyakato kwa miaka kumi bila cheti, VETA ina utaratibu wa kumpima ujuzi alionao na kumpa cheti bila kumrudisha darasani mwaka mzima. Mafundi wengi hawajawahi kuusikia. Cheti hicho ndicho kinachomwezesha kuomba kazi kwenye kampuni au kuingia kwenye zabuni.

Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza 1975 kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden, na ambavyo kwetu tunavyo Sengerema na Malya, vina somo moja kubwa kwa vituo vya mjini. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, wasichana na wanawake vijana walioachia shule njiani wanapata elimu ya sekondari pamoja na ufundi, na mwenye mtoto anakuja naye, kuna mahali pa kumlea mama akiwa darasani. Jambo dogo kwa maneno. Kwa mama wa miaka ishirini mwenye mtoto wa mwaka mmoja, hilo ndilo linaloamua kama atasoma au hatasoma.

Ngazi ya chini kabisa

Kuna kaya ambazo haya yote hayazifikii, kwa kuwa hata hisa moja hazina. Kwa hizo kuna TASAF, ambayo kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza 2012 imekuwa ikitoa ruzuku yenye masharti ya kliniki na shule, ajira za muda, na kuhamasisha vikundi vya akiba. Kaya ikionekana imeinuka inahitimishwa. Hapo ningetaka kipimo cha mwezi mbaya kitumike: kabla ya kuitoa kaya, aulizwe mwenye kaya, ukiugua wiki mbili utauza nini? Akitaja kuku wawili, sawa. Akitaja mashine ya kushonea au baiskeli ya kubebea maji, bado.

Ugonjwa ndio unaomaliza mitaji mingi zaidi kuliko mteja mkaidi. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ilikuwa ikichukua shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na vikoba vilivyowakatia wanachama wake kutoka mfuko wa jamii vilifanya jambo la maana kuliko mikopo mingi.

Wakati mwingine mwezi mbaya unaletwa na jambo jema. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko iliisha, na aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma, soda na samaki wa kukaanga kwa wanaosubiri alipoteza wateja wake. Mwenye akiba na ujuzi wa pili atahamia stendi au sokoni. Asiye navyo anahitaji mtu wa kata amfikie kabla ya kausha damu.

Basi kwa wakazi wa Igoma, Buhongwa, Kitangiri, Igogo na kwingineko, yapo mambo matatu ya kudai ambayo hayahitaji jengo jipya. Darasa la jioni la hesabu za biashara kwenye shule ya msingi ya kata, lianze saa kumi na moja wakati biashara za mchana zimepungua. Mtu wa kulea watoto kwenye darasa la pembeni, alipwe posho. Na siku moja kila mwezi ambapo bibi maendeleo, mtu wa SIDO, wa VETA na wa TASAF wanakaa meza moja ofisi ya kata, siku ijulikane, ibandikwe ukutani. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, na bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Mahali pa kuyasemea ni mkutano wa mtaa, yaandikwe kwenye muhtasari, na diwani aulizwe, moja baada ya jingine, yamefikia wapi.